Yerusalemu Nne na Jiwe la Mama

3 Machi 1946, Jumapili

Mawingu yamekaa juu ya mlima Shengena tangu alfajiri lakini hayajashuka. Kila mtu alitazama juu kabla ya kuingia kanisani.

Baada ya ibada baba mdogo Eliufoo, ndugu wa marehemu Baba, alitufuata nyumbani. Hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia Mama, "Shemeji, masika haya yakiisha tunagawa zamu za maji. Mwaka wa tatu sasa siku ya Nathanaeli haina mtu."

Mama alikuwa akichambua maharage. "Siku ya Nathanaeli ni ya Nathanaeli."

"Marehemu hamwagilii shamba."

"Wewe ulimzika?"

Baba mdogo akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta mkalimani. Nikainama juu ya maharage.

Kaka yangu Nathanaeli alikufa jeshini, Februari ya mwaka 1943, kwa homa ya mapafu. Barua ilisema amezikwa katika makaburi ya askari, nje ya Yerusalemu. Niliisoma mimi, kwa Kiingereza, halafu nikaifasiri kwa Chasu, lugha yetu, nikiwa nimesimama, nikihangaika na maneno kana kwamba ni mtihani. Tangu siku ile Mama hajakubali tukae matanga. Anasema hawezi kulia juu ya mahali ambapo hajapaona. Na kwetu huku zamu ya maji ya mtu haihami mpaka matanga yake yaanuliwe.

Sasa wazee wamechoka. Zamu ikikosa mwenyewe safari hii, itakwenda kwa ukoo mwingine, na shamba letu la bondeni litabaki kichaka. Baba mdogo anataka mwanawe Fanueli ashike zamu hiyo na kutulimia. Anasema hivyo. Mimi naona anautaka mfereji.

4 Machi

Mama ametoka asubuhi kukaa kwenye jiwe juu ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kama kila siku. Dirisha langu linatazama huko. Naona shuka lake jeupe na nyuma yake njia inayotelemka kwenda Same, ndiyo njia aliyoondokea Nathanaeli. Hukaa mpaka mlinzi wa ndiva anapofika kufungua maji yaliyojaa usiku, halafu hurudi kuwasha moto. Hatuzungumzi juu ya jambo hilo. Hatuzungumzi juu ya mambo mengi.

6 Machi

Nimepata wazo darasani, katikati ya hesabu. Kabatini mwa misheni kuna picha za kufundishia Maandiko, zilizoachwa na Wajerumani. Lazima Yerusalemu imo. Kama Mama anataka kuona, ataona.

9 Machi, Jumamosi

Mvua ya kwanza. Mchungaji Aminiel alihangaika na ufunguo muda mrefu, akaniambia, "Chukua, mwalimu, lakini zisinyeshewe." Nimezibeba kifuani chini ya kanga kama mtoto. Ziko nne, na kila moja ina mchoraji wake. Nimezipanga kitandani na nimekaa nazo mchana kutwa.

Ya kwanza ni kubwa, yenye rangi nyingi. Mji una mapaa yaliyochongoka na miti mirefu ya kijani kibichi, na nyuma yake kuna milima myeupe kileleni. Madirisha yana maua. Watu wake wana mashavu mekundu.

Ya pili ni ya njano yote. Mji uko mbali, mdogo, juu ya kilima kikavu, na mbele kabisa kuna ngamia na mwanamume aliyelala. Ngamia amechorwa kwa uangalifu kuliko mji. Ukitazama sana unapata kiu.

Ya tatu haina ardhi. Mji unashuka kutoka mawinguni, malango yake ya dhahabu, kuta zake zinang'aa kama sufuria mpya, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake.

Ya nne ni ndogo, nyeusi na nyeupe, imechorwa kwa mistari myembamba kama nywele. Ni kichochoro, ngazi za mawe, ukuta, na chini ya ukuta bwawa la maji lililojengewa. Mwanamke anainama na mtungi. Hana uso. Nimeipenda hii, na nimeona aibu kuipenda, kwa sababu ni ya huzuni na mimi hupenda vitu vya huzuni upesi mno.

Kesho nitamwonyesha.

10 Machi, Jumapili

Nimefanya kosa ambalo sijui namna ya kulirekebisha.

Nilizipanga mezani baada ya chakula. Mama alinawa mikono kwanza, akaikausha, akaja polepole.

"Ipi ndiyo Yerusalemu?"

"Zote, Mama."

"Zote?"

Alizunguka meza. Aliweka kidole juu ya mapaa yaliyochongoka, bila kugusa karatasi. "Hii ni nyumba ya misheni." Akaenda kwa ngamia. "Hapa hapaoti kitu." Akasimama mbele ya dhahabu, akatikisa kichwa. Kwenye ile nyeusi alitulia kidogo, halafu akanitazama mimi.

"Hao waliochora waliuona mji?"

"Wengine waliuona. Wengine nadhani walisimuliwa."

"Mji hautembei, Zipora. Umekaa pale pale. Kama hawakupatana juu ya mji mzima, watapatanaje juu ya mtoto mmoja? Aliyeandika ile barua aliona, au alisimuliwa?"

Ningeweza kusema uongo na sikuusema.

"Basi hajafa," Mama alisema, akaanza kukusanya sahani.

13 Machi

Mvua. Mama amefagia nyumba ya Nathanaeli.

16 Machi

Mvua. Mama ameanika blanketi la Nathanaeli chini ya upenu ili litoke ukungu. Jioni alipakua makande sahani tatu. Nilikula yangu nikiwa nimetazama ukuta.

19 Machi

Baba mdogo amerudi kutoka Same, ambako wazee bado wanabishana na Serikali juu ya mbiru, ile kodi ya kukadiria mali ya mtu. Alisikia habari zetu njiani kabla hajafika kwake. Alinikuta nikirudi shuleni, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Umesoma mpaka umemfufua kaka yako."

Nilisema nilitaka kumsaidia Mama.

"Tulikupeleka shule utusomee barua. Sasa umemfundisha Mama yako kwamba karatasi haziaminiki. Na huko Same tunamwambia hivyo hivyo Bwana Shauri wa Serikali juu ya karatasi zake za kodi, kwa hiyo siwezi hata kumkatalia shemeji." Nusura acheke, kisha hakucheka. "Wazee watakaa mwanzoni mwa Juni. Usije ukasema sikukuambia."

Nilimchukia njia nzima mpaka nyumbani.

27 Machi

Siku nane za ukungu. Mwalimu mwenzangu Susana aliolewa Januari na chumba cha walimu sasa kina mimi na chaki. Wasichana wananiogopa kidogo. Wazee wananiheshimu kidogo. Kati ya hizo mbili hakuna mtu wa kukaa naye.

Mama yuko kwenye jiwe, jani la mgomba kichwani kwa ajili ya mvua. Anaitazama njia.

2 Aprili

Nilitoka mapema kwenda shule na kumkuta baba mdogo mferejini kwetu, peke yake, amelowa, anazibua mawe yaliyoletwa na maji. Ni mfereji wa Nathanaeli. Hakuniona. Nilipita kwa juu.

Baadaye nikamwuliza Fanueli. Alisema, "Baba husafisha kila masika tangu kaka aende vitani. Kama si yeye, nani mwingine angesafisha? Wewe?"

Alisema bila ubaya. Nimeona haya siku nzima.

9 Aprili

Mvua ilipiga bati kwa kelele hata sikuweza kufundisha. Niliwapa wasichana kipande cha karatasi kila mmoja, nikawaambia, "Choreni ndiva." Nilitaka tu wakae kimya.

Zimekuja picha kumi na tisa. Yudith amechora bwawa kubwa kama ziwa, na baba yake kando yake, mrefu kuliko migomba, ameshika gogo la kuzibia maji. Msichana mmoja amechora kidimbwi kimoja pembeni na karatasi yote iliyobaki ameacha nyeupe. Mwingine hakuchora maji kabisa. Amechora wanaume wakigombana. Nilikuwa tayari kuwakosoa. Halafu nikakaa, kwa sababu nilikuwa nikitazama kitanda changu cha tarehe tisa Machi.

10 Aprili

Nilimpelekea Mama picha hizo jikoni. Alizipokea kama mtu anayepokea mboga, akaanza kuzipitia moja moja, na mara nikamsikia akicheka. Sijamsikia akicheka tangu barua.

"Huyu ni wa kwa Eliezeri, kule chini mwisho wa mfereji," alisema juu ya kidimbwi. "Maji yakiwafikia yamekuwa mate. Na huyu ni Yudith. Baba yake ndiye mlinzi wa ndiva, si ndiyo? Amemfanya mti."

"Na huyu?"

"Huyu anakaa karibu. Anasikia ugomvi kila asubuhi, hana haja ya kuona maji."

"Nani mwongo, Mama?"

"Hakuna. Kila mmoja amechora kutoka mlangoni kwao."

Karatasi ya Yudith ilibaki mkononi mwake. Nilitamani sana kuendelea. Nikanyanyua ndoo, nikatoka kwenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

12 Aprili

Mvua. Sahani tatu bado.

21 Aprili, Pasaka

Kanisa lilijaa hadi nje. Tuliporudi Mama alivua viatu, akasema, "Lete ile miji yako."

Safari hii hakuzunguka meza. Aliketi, akataka nimpe moja moja.

Ya mapaa: "Huyu hakutoka kwao. Amekaa nyumbani akautamani. Simlaumu."

Ya ngamia: "Huyu alifika, akakaa kule mbali. Hakuomba maji kwa mtu yeyote. Ona, hata mlango mmoja hajaujua."

Ya dhahabu aliishika kwa muda. "Huyu alikuwa mgonjwa sana, au amefiwa. Ukiumwa huona hivi. Mimi nilipokuzaa niliiona Same inang'aa."

Ile nyeusi aliisogeza mpaka mwanga wa mlango ukaiangukia. Akaweka kidole juu ya bwawa. "Wana ndiva."

"Ni birika, Mama. La mawe."

"Ni ndiva. Huyu mchoraji ameshuka chini, ameingia na wenye kuteka. Nani hufungua asubuhi?"

Nilisema sijui.

"Lazima yupo mtu. Maji hayajifungui." Akafikiri. "Nathanaeli yuko upande gani wa mji huu?"

"Barua imesema nje tu."

"Nje ni kubwa. Hapa hakuna aliyekaa upande wake, ningemjua. Nitafutie mtu aliyekaa upande wake. Akinionyesha, nitamlilia. Asiponionyesha, niache."

24 Aprili

Nilikwenda kwa baba mdogo. Ni mara ya kwanza kumwendea kwa hiari yangu. Nilimsimulia yote, na kuhusu mfereji pia nikasema asante. Alijifanya kukohoa.

"Yuko dereva Hedaru," alisema. "Hamisi. Alikuwa huko huko na malori ya jeshi. Ila barabara imekatika. Ngojeni ikauke."

30 Aprili

Mvua. Barabara bado.

6 Mei

Mvua, lakini nyembamba.

11 Mei, Jumamosi

Tumeshuka Hedaru, Mama, baba mdogo na mimi. Mama hajashuka huko tangu kabla ya vita. Kwenye kijito kilichofurika baba mdogo aligeuka, akachutama, akasema, "Panda, shemeji," na Mama akapanda mgongoni kwake kama ni kitu cha kila siku. Mimi nilibeba picha.

Joto la chini lilitupokea na siku ya gulio. Hamisi tulimkuta chini ya lori lake. Alitoka kifudifudi, akajifuta mikono, akamwamkia Mama shikamoo kwa adabu hata nikampenda papo hapo. Ni mtu mfupi, jino moja la mbele halipo.

"Yerusalemu?" alisema. "Mjini penyewe niliingia mara moja, mama. Nikanunua sabuni."

Nilitandaza picha juu ya boneti. Alizitazama akifurahi. Ile ya dhahabu aliicheka waziwazi. Ile ya ngamia alisema, "Ngamia wapo, ni kweli, wana hasira." Ile ya mapaa alidhani ni Ulaya.

"Makaburi ya askari yako wapi hapa?" nikauliza.

"Hapa hayapo. Hawa waliochora wote wamekaa kwingine. Makaburi yako huku." Akapiga kofi hewani, nje ya boneti, upande wa bega lake la kushoto. "Kilimani. Kutoka pale mji unauona kwa mgongo. Ukuta mrefu, mawe yake rangi ya ugali wa mtama. Hakuna lango upande huo. Kuna miti mifupi, mizee, ya zeituni, na mbuzi. Na nguo. Wenyeji wameanika nguo kwenye kamba, kila siku, hata siku tunazika. Niliona ajabu hapo kwanza. Baadaye nikaona ni vizuri."

Mama alisogea karibu naye. "Ulimzika mwanangu? Nathanaeli. Mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi."

Nilimwona Hamisi akiitafuta njia rahisi, ilikuwa karibu sana, na akaiacha.

"Mama, nikisema ndiyo nitakudanganya. Nilileta majeneza kwa lori. Majina aliyasoma Mzungu, kwa namna yake, hatukuyatambua. Simkumbuki mwanao. Ninachokumbuka ni kwamba siku moja, wakati wa baridi, watu wenu waliimba kwa Chasu. Siku nyingine waliimba kwa Kiswahili. Siku ile kwa Chasu. Mimi ni Mwislamu, nilisimama pembeni na kofia mkononi."

"Mara moja tu?"

"Nilipokuwepo mimi, mara moja."

Mama alimshika mkono wenye grisi na kuufunika kwa mkono wake mwingine. Hakulia. Njiani kurudi, tulipofika kijitoni, alimwambia baba mdogo, "Angetaka kunifurahisha angesema alimzika."

"Ndiyo, shemeji."

"Hakusema."

12 Mei

Nimeomba karatasi nene kwa Mchungaji Aminiel na kurudisha zake nne. Hazikunyeshewa.

14 Mei

Nimechora nikachana.

16 Mei

Nimechora tena. Ukuta unatoka kama ukuta wa misheni. Zeituni sijawahi kuiona, kwa hiyo naazima migongo ya wazee wa kanisa. Mbuzi ni rahisi, mbuzi ni mbuzi. Kila nikijaribu kuipendezesha, inageuka ya mtu mwingine kati ya wale wanne: nikiweka jua inakuwa ile ya dhahabu, nikiusogeza mji mbali inakuwa ile ya ngamia.

18 Mei, Jumamosi

Nimeacha kuipendezesha. Makaa tu. Nguo nimechora zile ninazozijua: shuka, shati la kiume lenye mkono uliopasuka, kanga mbili.

19 Mei, Jumapili

Mama alinawa mikono, akaikausha.

"Huyu amekaa wapi?"

"Kilimani, makaburini."

"Ni nani?"

"Nimechora mimi, Mama. Lakini sijafika huko. Sijui ni nani."

Alitazama ukuta, akatazama mbuzi. Akahesabu nguo kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akakawia kwenye mkono uliopasuka.

"Basi hapa amekaa Nathanaeli," alisema. "Hivi ndivyo anavyoona. Si pabaya. Kuna watu wanafua."

Ndipo akaanza kulia, akiwa amesimama, bila kelele kwanza. Nilitaka kumshika na sikujua pa kumshika. Aliponyanyua uso alisema, "Mwite shemeji."

Jioni sahani zilikuwa mbili. Sikuweza kula hata hiyo moja.

1 Juni, Jumamosi

Tumeanua matanga. Watu walikuja hata kutoka kwa Eliezeri. Mchungaji alisoma, tukaimba kwa Chasu. Hamisi alipanda kwa miguu kutoka Hedaru na akasimama pembeni, kofia mkononi, mpaka Mama alipomletea kigoda. Wazee walimpa Fanueli zamu. Mama aliweka sharti moja: safari ya kwanza maji atayafungua yeye Mama, kwa mkono wake.

Mimi niligawa chai. Kila mtu aliniambia nimefanya vizuri, halafu akageukia mtu mwingine.

8 Juni, Jumamosi

Mvua imekwisha. Anga limeoshwa na Shengena iko karibu kiasi cha kuguswa.

Leo ilikuwa siku ya Nathanaeli. Nilikuwa nimeketi dirishani na daftari hili, nikimtazama Mama kwenye jiwe kama kawaida, Fanueli na baba mdogo wakimngoja kando. Akanipungia mkono. Nilidhani anafukuza nzi. Akapunga tena.

Nilipofika alikuwa ameshika gogo la kuzibia. Alilivuta yeye mwenyewe, likakataa, akalivuta tena, na maji yakatoka kwa kishindo, mekundu kwanza, halafu safi, yakageukia mfereji wetu. Fanueli akashuka nayo mbio na jembe. Baba mdogo akamfuata polepole, akipiga teke kokoto zilizokuwa njiani kwa maji.

Mama alirudi kwenye jiwe. Akasogea, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Kaa."

Nilikaa. Jiwe lilikuwa na joto upande wake. Nilitazama chini nikitafuta ile njia ya Same, nikitaka kuona alichokuwa akikiona miaka hii yote. Haikuonekana. Kutoka pale migomba ya kwa Eliezeri inaiziba kabisa. Kinachoonekana ni nyumba yetu, paa, upenu, na dirisha moja lililo wazi, na mezani ndani yake kitu cheupe, ndilo daftari nililoliacha.

"Mama, huwa unatazama nini hapa?"

"Unaonekana vizuri ukiandika," alisema. "Unakunja uso kama baba yako."